Betri Juani: Redio ya Mchana na Uvumbuzi Tusiouandika

Mwezi Machi mwaka huu nilikuwa Kigoma kwa shughuli za kifamilia. Siku moja mvua ilinikuta mwaloni Kibirizi, nikajibanza katika kibanda cha mama mmoja auzaye chai na chapati. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Kwa mvuvi wa dagaa huo ndio wakati wa kuianza siku, maana usiku mzima huwa ziwani na asubuhi hulala. Kibandani walikuwamo wavuvi watano au sita. Wengine walishona nyavu, wengine walikunywa chai tu. Juu ya rafu palikuwa na redio ndogo, na kituo kimoja cha FM kilikuwa katika kipindi chake cha mazungumzo cha mchana. Mtangazaji, kijana mchangamfu, aliwauliza wasikilizaji: "Sisi watu wa Kigoma, tangu dunia iumbwe, tumevumbua nini?"

Simu zikaanza kuingia. Wa kwanza alisema tumevumbua namna bora ya kula mgebuka. Wa pili alitaja mawese. Wa tatu, mtu mzima kwa sauti yake, hakutania: "Ndugu mtangazaji, tusidanganyane. Sisi ni watu wa kupokea. Redio ya Mchina, pikipiki ya Mhindi, simu ya Mkorea. Kazi yetu sisi ni kununua na kuharibu." Kibandani watu waliitikia kwa vichwa. "Kasema kweli huyo," alisema mvuvi mmoja aliyeketi karibu nami. Wakati akisema hayo alikuwa akiunganisha nyaya za taa yake ya kuvulia na betri ya pikipiki, akitumia kibanio alichokikata mwenyewe kutoka kwenye bati la kopo la rangi.

Nilitazama mikono yake, kisha nikatazama redio. Makala haya yametokana na dakika ile.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa si nyepesi kuithibitisha. Historia ya teknolojia katika nchi yetu tumeiandika kama orodha ya mapokezi: reli ilifika mwaka fulani, meli ilifika mwaka fulani, redio, umeme, simu. Kifaa kikishafika, mwanahistoria hufunga daftari. Lakini kifaa kinapofika ndipo kazi kubwa ya akili huanza, kwa sababu kimeundwa kwa ajili ya nyumba nyingine, kipato kingine na hali nyingine ya hewa. Watu hulazimika kukiundia mazingira ya kuishi. Kazi hiyo ni uvumbuzi, na kwa kuwa hatuuandiki, tunaupoteza. Kuupoteza huko kuna gharama, na mimi nina ushahidi wa gharama hiyo kutoka nyumbani kwetu.

Tuanze na hadithi ambayo kila mtoto wa Kigoma anaijua. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa kwenye Ziwa Tanganyika, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914. Iliunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakamwachia adui, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ni hadithi nzuri, na nimeisimulia mara nyingi darasani. Lakini angalia nani anafikiri ndani yake. Mjerumani anabuni, anaficha na kupaka grisi. Mwingereza anaibua na kutengeneza. Mtu wa Kigoma anaonekana kama mgongo wa kubebea makasha. Aliyefundishwa hadithi hiyo tangu utotoni, akiulizwa redioni tumevumbua nini, atajibu kama alivyojibu yule mzee.

Sasa tuisimulie redio kwa namna nyingine.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kwa hakika ilikuwa sauti ya Dar es Salaam tu, kwa ajili ya mji na viunga vyake. Mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Vyombo vya kupokelea vya miaka ile ya mwanzo vilitumia valvu, na valvu zilikula umeme mwingi. Katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ofisa mmoja wa habari aitwaye Harry Franklin alishawishi kiwanda cha Uingereza kuunda redio ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Ilitoka mwaka 1949, umbo lake kama sufuria, na kwa hiyo ikaitwa redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5. Betri yake peke yake iliuzwa pauni 1 na shilingi 5, yaani robo ya bei ya redio nzima. Hesabu hiyo ndogo inaeleza mambo mengi yaliyofuata. Redio hununuliwa mara moja, lakini betri hununuliwa maisha yote.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947 na kuingia katika redio za mkononi kuanzia mwaka 1954, ilipunguza mzigo huo bila kuuondoa. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na redio na betri zenye chapa ya National zikaenea hadi vijijini. Hata hivyo Kigoma ilibaki na matatizo mawili ambayo mhandisi wa kiwandani hakuwa na sababu ya kuyafikiria.

La kwanza ni umbali. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Mawimbi ya kati ya redio husafiri mbali usiku kwa sababu hugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini. Mchana, jua huamsha tabaka la chini zaidi ambalo huyameza mawimbi hayo. Ndiyo maana kituo cha mbali kinachosikika vizuri saa tatu usiku hugeuka mkwaruzo saa saba mchana. Hivyo kusikiliza Dar es Salaam mchana kuliwadai watu wa magharibi ya mbali juhudi ambayo mtu wa Morogoro hakudaiwa. Walipandisha waya wa shaba juu ya mwembe au mnazi, wakauteremsha dirishani na kuuzungushia kwenye antena. Waliojua zaidi walichukua waya wa pili na kuuchimbia katika ardhi yenye unyevunyevu, mara nyingi pale yanapomwagwa maji ya kuogea. Waya wa pili haukufundishwa katika shule yoyote niliyoijua Ujiji, na bado ulikuwapo nyumba kwa nyumba.

La pili ni betri, au mawe, kama wazee wetu walivyoyaita. Betri za wakati ule zilikuwa za zinki na kaboni, na kila moja ikiwa mpya ilitoa volti 1.5. Redio ya betri nne ilihitaji volti 6. Betri zikichoka na kushuka hadi volti 1.1 kila moja, nne hutoa 4.4, na redio hunyamaza. Mtu wa kiwandani angezitupa. Mtu wa Ujiji alitengeneza mrija wa mwanzi au wa karatasi ngumu, akapanga ndani yake betri sita zilizochoka, akapata volti 6.6, na redio ikaimba wiki nyingine mbili. Sikumsikia mtu yeyote akitaja neno volti. Walisema tu kwamba vizee sita ni sawa na vijana wanne.

Na palikuwa na kuanika. Betri ya aina ile inapofanya kazi, kemikali zake huzingirwa na mazao ya kazi yenyewe na kuelemewa. Ukiipumzisha na kuipasha joto kiasi, kemikali hutembea upya na nguvu kidogo hurudi. Hii ndiyo sababu kila nyumba yenye redio ilikuwa na betri juani asubuhi, juu ya bati, juu ya jiwe au ukingoni mwa dirisha.

Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu. Mwaka 1990 nilikuwa na umri wa miaka 10, nikiishi na babu yangu Ujiji. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilizitoa betri nne, nikazipanga juu ya bati la banda la kuku. Nikirudi adhuhuri nilizirudisha zikiwa za moto, na babu akafungua redio kwa taarifa ya habari ya mchana na matangazo ya vifo. Vijana wa leo huenda wasielewe matangazo ya vifo yalikuwa nini. Wachache walikuwa na simu, na barua ilichukua wiki. Mtu akifariki Tabora, jamaa zake walipeleka tangazo redioni, na msomaji akataja jina la marehemu, mahali alipofia, kisha orodha ndefu ya ndugu popote walipo: wa Kigoma, wa Mpanda, wa Mwanza. Nchi nzima ilinyamaza ikisikiliza kama imetajwa.

Siku moja ya masika mvua ilinyesha tangu alfajiri. Hapakuwa na jua. Nilizitoa betri, nikaziona zitalowa, nikazirudisha ndani zikiwa baridi kama zilivyolala. Mchana babu alifungua redio. Ikasema maneno mawili matatu, ikafifia. Akaipiga kofi mgongoni, ikakoroma, akaizima. Alisema, "Basi, leo dunia itajiendesha bila sisi," akarudi kwenye nyavu zake.

Jioni, baada ya swala ya magharibi, jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliingia uani akiwa amejifunga kanga kichwani, akisema, "Shikamoo baba. Poleni na msiba." Babu alimwitikia huku akitabasamu, akidhani amekosea nyumba. Yule mama alitutazama, akaelewa, akakaa chini. Alikuwa amesikia tangazo mchana nyumbani kwake. Dada yake babu, wa tumbo moja, alikuwa amefariki Tabora, na jina la babu lilikuwa la kwanza katika orodha ya ndugu. Jirani alidhani tumekwisha kusikia, akangoja amalize kupika ndipo aje kutupa pole. Treni ya siku ile ilikuwa imekwisha kuondoka. Iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili. Babu alipofika Tabora, tanga lilikuwa limekwisha kuanuliwa.

Babu hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Lakini kwa miaka mingi nimelibeba swali moja: kwa nini redio ya jirani ilisema, na yetu ikanyamaza, ilhali mvua ilikuwa moja? Nitarejea kwenye swali hili.

Wasomi hawakuipuuza redio ya Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wanaokadiriwa kufikia milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Walifuata vipindi vya redio na vitabu vidogo, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ilikuwa kazi kubwa, na dunia ilikuja kujifunza kwetu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, RTD ilianza mchezo wa Twende na Wakati kuhusu uzazi wa mpango na ukimwi. Watafiti walipanga kwamba eneo la Dodoma lisirushiwe mchezo huo hadi mwaka 1995, ili waweze kulilinganisha na maeneo yaliyousikia. Utafiti huo unasomwa mpaka leo katika vyuo vya mawasiliano.

Naziheshimu kazi hizo. Lakini zote mbili zina mtazamo mmoja: redio ni dawa, msikilizaji ni mgonjwa, na mtafiti huja kupima kama dawa imefanya kazi. Walihesabu vyoo. Walihesabu waliokwenda kliniki. Ni nadra kuona mahali walipouliza kikundi kile cha kijijini kiliwezaje kuiweka hai redio yake kwa majuma yote ya kampeni, nani alichanga betri, nani alipandisha waya mtini, na nani aliitengeneza ilipokufa. Swali la redio imewafanyia nini watu liliulizwa sana. Swali la watu wameifanyia nini redio halikuulizwa.

Na waliyoifanyia ni mengi kuliko waya na mwanzi. Redio kwa maumbile yake husema na mwingine husikiliza. Watu walikigeuza chombo hicho cha njia moja kikawa cha njia mbili. Walituma kadi za salamu zenye majina ya marafiki kumi na ujumbe wa mstari mmoja, mpaka vipindi vya salamu vikawa posta ya taifa. Kipindi cha Ugua Pole kiliwafikia wagonjwa wodini kwa niaba ya ndugu waliokosa nauli. Pale redio isipofika, mtu alikuwa ndiye redio: aliyesikia alikuwa na wajibu wa kwenda kumwambia aliyetajwa. Wajibu huo haukuandikwa katika sheria yoyote. Ndio uliomleta yule mama uani kwetu.

Kigoma ilikuwa na jambo lake la ziada. RTD ilitangaza ndani ya nchi kwa Kiswahili na Kiingereza. Muha aliyetaka kusikia lugha iliyo karibu na ya mama yake alielekeza antena Bujumbura, kwa sababu Kiha na Kirundi husikilizana. Hivyo sikio la Kigoma lilizoea kuvuka mpaka, na hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa kuliko muziki. Mwaka 1994, baada ya redio ya RTLM kutumika Rwanda kuchochea mauaji ya kimbari, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Tanzania na Zaire, na familia zilitawanyika. Mwaka huo huo BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kiunganishi cha familia, ambayo yalisoma majina ya waliopotezana. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kwa hiyo chombo kile kile kilichotumika kutaja majina ya watu ili wauawe kilitumika, ng'ambo ya pili ya mpaka, kutaja majina ya watu ili wapatikane. Sijui hoja iliyo na nguvu zaidi ya hiyo dhidi ya wanaodhani teknolojia huja na tabia yake ndani ya kasha.

Jambo hili si la redio pekee. Zamani mvuvi wa Ziwa Tanganyika aliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi ili kuwavuta dagaa, akawachota kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Karabai ilipokuja, taa iliyoundwa kwa ajili ya sebule na duka, mvuvi aliitundika juu ya maji na kuigeuza kuwa zana ya kuvulia. Leo karabai inaiachia nafasi taa ya LED, na mvuvi anaiunganisha na betri ya pikipiki kwa kibanio cha bati la kopo. Nenda katika mashamba ya michikichi ukaone pipa la mafuta lililosimamishwa wima, ndani yake nguzo yenye mikono ya chuma, na watu wakiizunguka wakisukuma mti ili kuponda mbegu zilizochemshwa. Lile pipa lililetwa Afrika likiwa na mafuta ya mtu mwingine. Leo linatoa mawese.

Najua nitakosolewa, na mkosoaji ana haki yake. Ataniambia kuanika betri ni umaskini, wala hakustahili kupewa jina la uvumbuzi. Kwamba kuunga waya hakumfanyi mtu kuwa mgunduzi wa transista. Kwamba msomi mwenye umeme nyumbani anapamba dhiki ya wengine. Nakubali kwamba dhiki ndiyo iliyowasukuma. Kwa miaka mingi Kigoma mjini iliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, na vijiji vingi viliishi bila umeme wowote. Sitamani mtoto yeyote arudi kwenye bati la banda la kuku. Lakini anayesema kuwa dhiki huzaa uvumbuzi yenyewe, bila akili ya mtu, aeleze kwa nini dhiki ile ile haikuzaa majibu yale yale katika kila nyumba. Jirani yetu na sisi tulikuwa na dhiki moja. Yeye alikuwa na jibu, sisi hatukuwa nalo.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa redio binafsi, na baadaye FM zikaenea mikoani, pamoja na simu ya mkononi. Hapo redio ya mchana ilibadilika. Kadi ya salamu ikawa ujumbe mfupi, kisha simu ya moja kwa moja. Mwaka 2015, vituo binafsi vya Burundi vilipofungwa na vingine kuharibiwa, maelfu ya Warundi walivukia Kagunga na kuletwa Kigoma kwa mashua na kwa Liemba ile ile. Waandishi wa habari walio uhamishoni walianza kurekodi taarifa na kuzituma kwa WhatsApp, kama Inzamba, na sauti ikapita kutoka simu hadi simu. Wajibu wa aliyesikia kumwambia asiyesikia ulikuwa umepata chombo kipya.

Nirudi kibandani Kibirizi. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilimwomba mama wa chai apunguze sauti ya redio, nikapiga simu kituoni. Nilipata nafasi baada ya jaribio la nne. Nilisema kwa kifupi kwamba watu wa Kigoma walivumbua namna ya kufufua betri kwa jua. Mtangazaji alicheka sana, akasema, "Daktari, hiyo nayo ni sayansi?" Nikajieleza kwa nusu dakika, simu ikakatika. Wavuvi nao wakacheka, na yule wa taa akaniambia, "Hata baba yangu alikuwa akiyaanika."

Kisha ikaingia simu ya bibi mmoja. Alisema anapiga kutoka Ujiji. "Huyo mwalimu amesema nusu," alisema. "Juani ni kiangazi. Masika je? Masika sisi tulikuwa tunayaweka jikoni, kwenye jivu la moto lililokwisha kuni, unaweka kigae kwanza, usiguse kaa la moto maana litapasuka. Unaacha mpaka uji uive. Redio ilikuwa inasema mvua isimame isisimame." Mtangazaji alimshukuru, akaweka wimbo.

Sikuweza kumaliza chai yangu. Miaka mingi nimesoma, nimefundisha, nimeandika tasnifu, na jibu la swali langu lilikuwa katika jiko la jirani, hatua arobaini kutoka banda letu la kuku. Babu angesikia jina lake. Angepanda treni ya jioni ile. Sikulijua jibu kwa sababu lilikuwa maarifa ya wanawake wa jikoni, nami nilikuwa mtoto wa kiume wa betri za batini, na hapakuwa na kitabu, darasa wala kipindi kilichoyakutanisha maarifa hayo mawili.

Siku iliyofuata nilikwenda kituoni kuomba nakala ya kipindi. Kijana aliyenipokea alikuwa mwungwana. Aliniambia vipindi vya mchana havihifadhiwi. Nafasi ya kompyuta ni ndogo, na kinachotunzwa ni matangazo ya biashara na hotuba za viongozi. Simuandami yeye wala kituo chake, kwani nimeuliza kwingine pia na kupewa majibu yanayofanana. Maneno ya yule bibi yalipita hewani mara moja, yakaisha. Nimeyaandika hapa kwa jinsi ninavyoyakumbuka.

Tangu mwaka 2019 tuna mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, na ni jambo jema. Lakini mashindano hutaka kitu cha kuweka mezani na mtu wa kuvishwa nishani. Hataza nayo hutaka jina la mwenye mali. Kigae juu ya jivu hakina mwenyewe. Maarifa ya namna hiyo yana mahali pamoja tu yanapojitokeza hadharani bila kuitwa, napo ni katika vipindi vya mchana, wakati fundi, mshona nyavu na muuza chai wanaposikiliza huku mikono ikifanya kazi, na mmoja wao akasikia kosa na kupiga simu kulisahihisha.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Vituo vya mikoani vihifadhi vipindi vyao vya mazungumzo, na vyuo vyetu vilipie hifadhi hiyo. Gharama yake ni ndogo kuliko kongamano moja la siku mbili. Muhula ujao wanafunzi wangu wa mwaka wa pili hawatanipa insha juu ya Liemba. Kila mmoja atakwenda kwao na kuniletea jambo moja ambalo nyumba yake ilikifanyia kifaa kilichotoka mbali, pamoja na jina la aliyemfundisha na maelezo yanayomwezesha mtu mwingine kulirudia.

Nawe msomaji, kama kwenu mlikuwa na njia ya tatu, ambayo si ya jua wala ya jivu, niandikie. Usidhani ni jambo dogo, wala usidhani kila mtu anaijua. Mimi nilidhani hivyo.